Nauli ya Mwalimu Kijana

Mwanzoni mwa mwaka 2019 alinijia nyumbani, hapa Kihonda, kijana mmoja aliyekuwa akifundisha kemia katika chuo kikuu. Jina lake sitalitaja, kwani sikumwomba ruhusa. Alikuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya jirani yangu, na kila jioni alipopita aliniamkia, akaniuliza habari za mgongo wangu, kisha akaenda zake. Siku hiyo hakupita. Aliketi barazani, akanywa chai, akaitazama milima ya Uluguru ilivyojifunika wingu, ndipo akasema, "Mwalimu, nimekuja kuomba ushauri." Mtu aliyefanya kazi ya ualimu miaka zaidi ya thelathini anajua kwamba kijana anayeomba ushauri saa kumi na mbili jioni anataka fedha.

Nilimdhania vibaya. Alikuwa na bahasha ya barua tu. Kazi yake ya utafiti ilikuwa imekubaliwa kuonyeshwa katika mkutano wa kimataifa wa kemia ya supramolekula, ambao ungefanyika mwezi wa Juni mwaka ule huko Lecce, kusini mwa Italia. Mwajiri wake alimpa ruhusa ya kwenda, na chini ya ruhusa hiyo paliandikwa sentensi moja fupi kumjulisha kwamba fungu la safari lilikuwa limekwisha. Nauli ya ndege, viza, bima, ada na malazi vilikaribia shilingi milioni tatu. Alichotaka kwangu ni kumsomea barua zake za maombi, nimsahihishie lugha. Niliziona zimeandikwa vizuri kuliko ambavyo ningeandika mimi. Kasoro yake ilikuwa moja, kwamba alikuwa akiwaandikia watu wasiomjua.

Nikamwuliza, "Hiyo supramolekula ndiyo nini?" Kemia niliyosoma Mlimani, na niliyowafundisha walimu wanafunzi miaka yote, ni kemia ya ndoa: atomu hii imefungamana na ile, na ukitaka kuzitenganisha huna budi kutumia moto au tindikali kali. Kumbe hii yake ni kemia ya ugeni. Molekuli moja ina uwazi katikati, mithili ya pete au kikombe. Nyingine inakuja, inaingia, inakaa humo kwa nguvu ndogo ndogo zinazovutana, na inaweza kutoka bila ya hata moja kuvunjika. Wataalamu wenyewe wanaziita hivyo hivyo, mwenyeji na mgeni. Mmoja wa waanzilishi wake, Charles Pedersen, hakuwa hata na shahada ya udaktari. Alikuwa mkemia wa kampuni ya DuPont huko Marekani, na pete zake alizigundua kwa kufuatilia fuwele chache nyeupe ambazo hakuzikusudia na ambazo mwingine angezimwaga. Alichapisha habari zake mwaka 1967, akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya sitini, na mwaka 1987 akashiriki Tuzo ya Nobel pamoja na Donald Cram na Jean-Marie Lehn.

Kijana wangu alikuwa akishughulika na pete za sukari, sita, saba au nane zilizoshikana mduara, ambazo hutengenezwa kutokana na wanga kama ule wa muhogo. Ndani yake alitaka kutia mafuta ya karafuu, hizi hizi zinazolimwa Matombo na Mkuyuni, ili harufu inayowafukuza dumuzi kwenye mahindi isipotee upesi ghalani. Nilimwelewa mara moja. Mama yangu alipoteza magunia ya mahindi kwa dumuzi.

Tukaunda kamati, na hapo ndipo nilipojifunza jambo. Sisi watu wa leo tuna ujuzi mkubwa wa kuchangishana. Mtoto wa jirani akioa, kadi ya mchango inafika kabla hata hujasikia jina la bibi harusi. Kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina, vikao vya kila Jumapili, na ahadi zinasomwa kwa sauti ili aliyeahidi elfu kumi aone haya mbele ya aliyeahidi elfu hamsini. Katika mwaka uliotangulia nilikuwa nimechangia harusi nne na sherehe mbili za kumwaga binti, na sikumbuki kama nilijiuliza hata mara moja iwapo ni halali. Nikasema basi, mtambo upo, tuutumie. Nikanunua daftari, nikachora mistari, nikapita nyumba kwa nyumba.

Nyumba ya tatu nilimkuta mzee mwenzangu, mstaafu wa reli, mtu mwenye mdomo. Akanisikiliza, akasema, "Mwalimu, kijana akioa nachanga, maana nitakula pilau. Huyu akienda Italia nitakula nini?" Tukacheka. Lakini alipomaliza kucheka aliniuliza swali la pili, na hilo halikuwa la mzaha. Aliuliza ni haki gani inayoruhusu kumpandisha mtu ndege akaonyeshe karatasi kwa siku tano, na ilhali kuna watoto wanaobanana watatu kwenye dawati la wawili, na kuna mama anayetakiwa aende hospitali na glavu zake. Milioni tatu ni madawati mengi.

Nilimjibu kwamba fedha ya madawati na fedha ya mkutano ni mafungu tofauti. Jibu hilo ni la ofisini, na nilijua ninapolitoa kwamba halitoshi, kwa sababu pale sikuwa ofisini. Nilikuwa mbele ya mfuko mmoja wa mzee mmoja mwenye kiinua mgongo kilichokwisha. Mfukoni hakuna mafungu. Elfu ishirini atakayompa kijana ni elfu ishirini ambayo hatampa mwingine. Kwa hiyo nililazimika kurudi nyumbani nikalifikiri upya: mkutano unampa nini mtu ambacho hawezi kukipata hapa, na je, kitu hicho kinastahili kukinyima dawati?

Wengi watasema unampa elimu. Nina shaka. Elimu iliyomo katika mihadhara ile itachapishwa, naye ataisoma. Wengine watasema unampa kufahamiana na wakubwa. Hilo lina ukweli, lakini lina harufu ya kubembeleza vyeo, na sioni sababu ya kumchangisha mstaafu wa reli kwa ajili hiyo.

Nadhani jibu liko karibu na habari ya Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan. Alirudi kwao Lahore mwaka 1951 akitoka Cambridge, kijana mwenye kipaji ambacho dunia ilikuja kukitambua kwa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Mkuu wa chuo alimpokea akamwambia achague kazi ya ziada: alinde bweni, atunze hesabu, au aongoze timu ya kandanda. Akachagua kandanda. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka, kisha nikanyamaza, maana mimi nami nimewahi kumkabidhi mwalimu hodari wa fizikia mradi wa kuku wa chuo, na nikamsifu kwa mayai. Salam alipokwenda Bombay kuonana na mwanafizikia Wolfgang Pauli, alirudi akakuta anatakiwa kujieleza kwa nini ameondoka kituoni bila ruhusa. Mwaka 1954 akarudi Uingereza. Hakukimbia njaa, alikimbia upweke wa kutokuwa na mtu wa kuzungumza naye kazi yake. Na jambo alilolifanya baadaye ndilo linalonigusa: mwaka 1964 alianzisha kituo cha kimataifa huko Trieste, Italia, chenye utaratibu wa kumwezesha mtaalamu wa nchi maskini kuja akakaa na wenzake kwa muda, kisha arudi kwao kufundisha. Alitaka wengine wasilazimike kuchagua kama alivyochagua yeye.

Na upweke huo si wa kukosa watu. Chuoni pamejaa watu. Lakini nyumbani kila mtu anakujua na mna heshima zenu: aliye juu yako hakuulizi kwa sababu hana nafasi ya kukusoma, aliye chini yako hakuulizi kwa sababu anakuogopa, na wa kimo chako anaona aibu kukuumbua. Mtu anaweza kukosea miaka kumi katikati ya watu wanaompenda.

Tunao mfano wetu wenyewe. Mwaka 1963, katika shule ya Magamba, Lushoto, mwanafunzi Erasto Mpemba aliona kwamba maziwa na sukari aliyoyatia kwenye friji yangali moto yaliganda kabla ya yale yaliyokwisha poa. Aliambiwa amechanganyikiwa, na darasani jambo likawa la utani. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alifika mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, kutoa mhadhara. Mpemba akasimama akauliza swali lake lile lile. Wenzake wakacheka tena. Mgeni hakucheka, alirudi Dar es Salaam akajaribu, na mwaka 1969 makala yao wawili ikachapishwa. Wataalamu wanabishana juu ya jambo hilo hata leo, na wabishane tu. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba swali lilikuwa limekaa miaka kadhaa nyumbani bila ya kupata sikio, na lililipata kwa mtu asiyekuwa na sababu ya kumdharau wala kumhurumia muulizaji. Safari hiyo mgeni ndiye aliyekuja. Laiti wangekuja mara kwa mara, nauli zingepungua. Wale wanaofanya kazi ya kemia ya mimea katika nchi zetu, waliojiunga mwaka 1984 katika mtandao uitwao NAPRECA, walilielewa hilo: mikutano yao huzunguka kwa zamu katika nchi wanachama.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kuparuka.

Mwaka 1994 nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Wakati huo maabara zetu zilikuwa makabati matupu. Mwalimu wetu wa kemia, mama kijana mwenye miaka mitatu tu kazini, alibuni njia ya kuwafundisha walimu wanafunzi kupima tindikali na besi kwa kutumia rangi ya maua ya choya, kwa kuwa karatasi za litmasi hazikuwapo. Si jambo jipya duniani, lakini yeye alikuwa amelipangia majaribio kumi na mbili kamili, kila moja na vifaa vinavyopatikana sokoni: ndimu, majivu, siki, sabuni. Aliandika habari zake, akazipeleka kwa waandaaji wa mkutano wa walimu wa sayansi katika nchi jirani. Wakajibu. Barua ikaja kupitia kwa mkuu wa chuo, kama ilivyo desturi, na ilisema wangemlipia nauli na posho mwakilishi mmoja wa chuo.

Nilikwenda mimi.

Nilikuwa na sababu, na niliziandika kwenye faili. Mwalimu alikuwa mgeni kazini, alikuwa na mtoto mchanga, na ilifaa chuo kiwakilishwe kwa ngazi inayostahili. Sababu hizo zote zilikuwa za kweli. Iliyobaki sikuiandika: posho ilikuwa ya dola, na kwa siku sita ilizidi mishahara yangu ya miezi kadhaa. Mzee akienda hupeleka cheo, kijana akienda hupeleka kazi. Mimi nilipeleka cheo changu na karatasi yake. Nikaisoma vizuri, kwa sauti nzuri, nikapigiwa makofi. Kisha mwalimu mmoja nyuma ya ukumbi akanyoosha mkono, akauliza rangi ile hukaa siku ngapi kabla ya kuharibika, na kama tumejaribu kuihifadhi kwa kukausha maua badala ya kuyachemsha. Lilikuwa swali la mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo kwa mikono yake. Alitaka kuzungumza na mwenzake. Nikasema nitakwenda kuuliza.

Sikuuliza. Niliporudi nilimletea mwalimu yule kalamu na mkoba wenye nembo ya mkutano, akanishukuru kwa magoti, na swali la yule bwana wa nyuma ya ukumbi sikulifikisha, kwa kuwa kulifikisha kungekuwa kukiri kwamba alistahili kuwapo. Aliendelea kufundisha, vizuri tu, mpaka alipostaafu. Lakini sikumwona tena akiandika kitu na kukipeleka mahali.

Nasikia watu wakisema kwamba kumsaidia kijana kwenda kwenye mkutano ni hisani, na kwa hiyo anayenyimwa hakudhulumiwa. Amekosa zawadi tu. Miaka mingi niliishi kwa hoja hiyo. Lakini ile nafasi haikuwa yangu niitoe zawadi. Iliitwa na kazi, na kazi ilikuwa ya mtu.

Basi mwaka 2019 nilipokuwa nazungusha daftari langu, nilikwenda mpaka Mji Mpya, anakoishi mwalimu yule. Naye ni mstaafu sasa, ana wajukuu. Nilimweleza habari za kijana, pete zake za sukari na karafuu zake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na shilingi laki moja. Hakuna aliyetoa kiasi hicho. Kabla ya kunipa aliniuliza, "Mkuu, atakwenda yeye mwenyewe?"

Nikasema, "Atakwenda mwenyewe."

Akanikabidhi, tukazungumza habari za mvua.

Daftari lilifikisha milioni moja na laki mbili hivi. Iliyobaki kijana aliikopa kwenye SACCOS ya kazini. Ubalozini walitaka aonyeshe kwamba ana kitu cha kumrudisha nyumbani, na kijana asiye na mke, kiwanja wala gari alipata taabu kidogo kukitaja. Mwishowe alikwenda, akarudi. Nalisema hilo kwa sababu wapo walioniuliza kwa kunong'ona kama nina hakika atarudi.

Kamati ilikutana barazani kwangu kupokea taarifa. Alieleza kwamba walimpa nafasi ya kubandika bango lake ukumbini, na akasimama mbele yake saa mbili. Siku ya pili alikuja mama mmoja mtafiti, akalisoma lote bila ya kusema neno, kisha akamwuliza: umejuaje kwamba mafuta yamo ndani ya pete? Huenda yamejipaka nje tu. Kijana alijibu alivyoweza. Yule mama akamwambia vipo vipimo vinavyoonyesha, akamweleza, na akaahidi kumpimia sampuli akizituma. Akazituma. Majibu yalikuja baada ya miezi: sehemu kubwa ya mafuta ilikuwa nje.

"Kwa hiyo?" akauliza mstaafu wa reli.

"Kwa hiyo, mzee wangu, kazi ya miaka miwili lazima niianze upya."

Pakawa kimya. Kisha mzee akanigeukia mimi. "Tumechanga milioni nzima ili akaambiwe amekosea?"

Nilitaka kumjibu, nikaona jibu langu litakuwa refu. Nilimwambia tu kwamba harusi tuliyochangia pamoja mwaka juzi ndoa imekwisha vunjika, na sijamsikia akidai elfu hamsini yake. Alikubali kwamba ni kweli, ila akasema pilau alikula.

Kuhusu deni, nimelifikiri sana. Mmoja wa kamati alipendekeza kijana aandikishwe mkataba wa kutuletea dawa ya dumuzi. Nilikataa. Mtu unayemdai matokeo atakuletea matokeo, na kama hana atayatengeneza. Tukimdai, tumdai jambo moja tu, kwamba alichoambiwa kule asikifiche akirudi. Na hilo alikuwa amekwisha litimiza mbele yetu, akiwa amekaa kwenye kigoda, jasho likimtoka. Angeweza kutueleza habari za bahari na makanisa ya Lecce tukaridhika.

Mwaka uliofuata ulikuja ugonjwa wa korona, mikutano ikahamia kwenye kompyuta, na wapo waliosema sasa tatizo la nauli limekwisha. Kijana alihudhuria miwili kwa njia hiyo. Aliniambia kwamba aliona kila kitu na hakuna aliyemwona.

Kazi aliianza upya. Njia ya kuyaingiza mafuta aliibadilisha, na sasa anasema yanaingia, si yote, lakini yanaingia, na anajua hivyo kwa kipimo na si kwa pua. Dumuzi bado wako ghalani. Kwenye madawati pia wanabanana bado, na swali la mzee sijalimaliza; kila nikikutana na watoto wa shule njiani asubuhi hunirudia.

Mwaka jana alikuja tena barazani, saa ile ile ya kumi na mbili, safari hii na binti mmoja mwalimu mpya katika idara yao. Binti alikuwa na barua ya mkutano wa Nairobi, na anayepaswa kwenda, kwa mujibu wa ngazi, alikuwa kijana wangu, ambaye siku hizi ni mhadhiri kamili. Nilimtazama usoni nikaona hakuwa na shida yoyote kuhusu jambo hilo. Alikuwa amekuja kuniuliza kama lile daftari bado ninalo.

Ninalo. Tulianza na nyumba ya mstaafu wa reli. Alimwuliza binti maswali mengi kuhusu Nairobi, akauliza kama naye anakwenda kuambiwa amekosea, akaambiwa inawezekana, akaahidi elfu ishirini. Mpaka ninaandika haya hajailipa.